Miche sita ya mshubiri, majina matatu

Machi 2021 niliagiza miche sita ya mshubiri wa asili kutoka kitalu kimoja kinachopokea oda kwa simu na kutuma mizigo kwa basi. Tangazo lao lilisema miche yote ni Aloe secundiflora, imeoteshwa kwa mbegu kitaluni, na inafaa bustani za mawe na sehemu kavu. Jina la kitalu silitaji, kwa kuwa walinisikiliza nilipowarudia na jambo lenyewe tulilimaliza. Ninachotaka kueleza ni hiyo miche, kwa sababu najua wapo wengi wanaoitafuta na wanaouziwa kitu kingine.

Nimekaa zaidi ya miaka mitatu kabla ya kuandika. Mshubiri mchanga haukutajii jina lake. Unauona una majani manene, una meno pembeni, una madoa meupe, na karibu kila mshubiri mchanga uko hivyo hivyo. Mpaka utoe maua ndipo unajua uliyemkaribisha nyumbani. Basi maua nimeyaona, na hesabu yangu ni hii: kati ya miche sita, minne ni ile niliyoilipia, mmoja ni mshubiri mwingine wa hapa hapa Afrika Mashariki, na mmoja si wa asili ya huku kabisa. Yote sita iko hai, na yote ilifika na afya.

Mimi ni fundi mwashi. Nyuma ya nyumba yangu kuna mteremko wa mawe ya itale unaoelekea machweo, ambako jua la saa nane linapiga hadi huwezi kuweka kiganja juu ya jiwe. Mke wangu alijaribu waridi pale, akajaribu majani ya kufunika ardhi, na kila kiangazi kilipokuja tulibaki na vijiti. Nikamwambia tuache kupigana na mahali, tutafute mmea ambao pale ni kwao. Aloe secundiflora huota wenyewe kwenye nyika za Kenya na Tanzania, na pia Ethiopia, Sudan Kusini na Rwanda, kwenye nyasi na vichaka vya wazi. Ukisafiri barabara za nyika umeupita mara nyingi bila kuuangalia. Wamasai wanauita osuguroi.

Mzigo ulifika siku ya pili jioni. Kila mche ulikuwa umetolewa udongo, mizizi mitupu, umefungwa kwa gazeti kavu, kisha yote sita ikapangwa kwenye boksi lenye matundu. Jirani aliyeniona nikifungua alishtuka akadhani nimetumiwa miche iliyokufa. Kumbe hiyo ndiyo njia sahihi ya kusafirisha mshubiri. Ukiufunga na udongo wenye maji ndani ya nailoni, siku mbili tu shina linaanza kulainika. Kwa ufungaji nawapa alama zote. Mche mrefu kuliko yote ulikuwa nusu shubiri hivi, sentimita kumi na moja. Mfupi zaidi sentimita nane. (Sisi mafundi tunapima kwa shubiri bado, na kila mara huwa nafurahi kuwa kipimo cha mkono na huu mmea wana jina moja kwenye Kiswahili ingawa kila neno lilikuja kwa njia yake.)

Kabla ya kupanda nilikagua jambo moja ambalo ningemsihi kila mnunuzi alikague: je, miche hii imeoteshwa au imeng'olewa porini? Mishubiri yote iko kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama wa porini, isipokuwa Aloe vera ambao uliondolewa, na michache iliyo hatarini zaidi iko kwenye orodha ya kwanza. Kuvusha mpaka kunahitaji kibali. Kenya yenyewe ilipiga marufuku uvunaji wa mishubiri ya porini kwa amri ya rais mwaka 1986, kwa sababu watu walikuwa wakikata na kung'oa kwa ajili ya utomvu bila kubakiza kitu. Sasa ukinunua mche wa jirani na kukuta aliung'oa mlimani usiku, umelipia shimo lililobaki kule.

Mche ulioteshwa kwa mbegu una dalili zake. Mizizi ni mingi, myembamba, haikukatwa. Majani yako kwenye safu mbili zinazotazamana, kama kitabu kilichofunguliwa, kwa sababu mshubiri mchanga huanza hivyo kabla haujajizungusha kuwa duara. Miche ya umri mmoja hulingana kimo. Ule wa porini una mizizi minene iliyokatwa kwa panga, ncha za majani zimekauka, una makovu ya kuliwa na mbuzi, na mara nyingi tayari umejizungusha duara ingawa ni mfupi, kwa kuwa maisha magumu yameudumaza. Yangu mitano ilikuwa na safu mbili safi. Wa sita ulikuwa umeanza kujizungusha na chini yake palikuwa na kovu bichi, kana kwamba umebanduliwa kutoka kwa mama yake. Nililiona hilo kovu. Sikujua linaniambia nini.

Niliiacha miche kivulini siku nne, juu ya meza, bila udongo, ili majeraha ya mizizi yakauke. Mke wangu aliniuliza, "Baba, hii miche unaipanda au unaianika?" Nikamwambia vyote viwili, kimoja baada ya kingine.

Bustani ya mawe yenyewe ndiyo kazi niliyoifurahia kuliko yote, na hapa nitakawia kidogo kwa sababu naona watu wanakosea sana. Wengi wanachukua rundo la udongo, wanaweka mawe juu yake kama zabibu juu ya keki, wanachomeka mimea katikati. Mvua ya kwanza udongo unashuka, mawe yanabaki yanacheza. Jiwe la bustani linazikwa. Theluthi moja ya kimo chake iingie ardhini, na upande wake mpana uinamie nyuma kuelekea mteremko, ili maji ya mvua yakipiga uso wa jiwe yarudi ndani kwenye mizizi badala ya kuporomoka mbele na kuondoka na udongo. Mistari ya jiwe nayo ielekee upande mmoja kwa mawe yote. Jiwe lina mishipa kama mbao. Ukilipanga lile limelala na lile limesimama, jicho linakataa hata kama mwenye jicho hajui kwa nini.

Chini nilichimba sentimita arobaini na tano nikaweka kifusi cha mawe yaliyovunjika, makubwa kama ngumi. Kifusi cha saruji nilikikataa ingawa nilikuwa nacho bure kutoka kazini. Saruji inaachia chokaa polepole kila mvua inyeshapo, na udongo unabadilika tabia. Juu ya mawe nikaweka mchanganyiko wangu: makarai mawili ya changarawe, karai moja la mchanga wa mtoni uliooshwa, karai moja la udongo mwekundu. Samadi nilitia gao moja tu kwa kila shimo, samadi kuukuu isiyonuka tena. Mchanga wa pwani usiutumie kamwe, una chumvi. Juu kabisa nikamwaga kokoto unene wa vidole viwili kuzunguka shingo ya kila mche, ili majani ya chini yakae juu ya kitu kikavu. Hizo kokoto ndizo zilizookoa miche mitano wakati wa masika.

Wa sita niliuponza mwenyewe. Kulikuwa na kijibonde kizuri kati ya mawe mawili makubwa, mahali ambapo macho yangependa kuona mmea, nikaupanda pale. Kabla ya kupanda sikufanya jaribio ninalolifanya kwa kila msingi wa nyumba: kuchimba shimo, kulijaza maji, na kuangalia yanachukua muda gani kuisha. Chini ya kijibonde kile kulikuwa na bapa la mwamba lililoshika maji kama sahani. Mei ilipofika, majani ya chini yaligeuka rangi ya chai na kulainika. Niliung'oa, nikakata kwa kisu kilichopanguswa kwa spiriti mpaka nikafika kwenye nyama safi isiyo na doa, nikauanika siku kumi na mbili kivulini, nikaupanda upya juu zaidi kwenye changarawe tupu. Miezi miwili haukufanya lolote. Mwezi wa tatu ukatoa jani jipya. Nilimwita kila mtu aje aone.

Karatasi ya maelekezo iliyokuja ndani ya boksi ndiyo sehemu mbaya kuliko zote ya bidhaa hii. Imeandikwa kwa mimea yote kwa pamoja, inasema mwagilia mara mbili kwa wiki na weka mbolea kila mwezi. Ukifuata maneno hayo utaiua mishubiri yako kwa mapenzi. Mmea huu hufungua vitundu vya majani yake usiku, wakati hewa imepoa, unaingiza hewa ya ukaa na kuihifadhi kama asidi mpaka jua litoke. Mchana vitundu vimefungwa na maji hayapotei. Mmea uliojipanga namna hiyo hauhitaji ndoo yako Jumatatu na Alhamisi. Mimi nilimwagilia mara moja kila wiki mbili kwa miezi mitatu ya mwanzo, na kiangazi cha kwanza mara moja kwa mwezi. Tangu mwaka wa pili simwagilii kabisa. Mvua za mwaka zinatosha.

Jambo jingine ambalo karatasi ingepaswa kusema: kiangazi majani yatageuka wekundu wa kahawia na kujikunja ndani kidogo. Hilo si gonjwa. Mmea umebana mkanda tu. Mvua ikinyesha, ndani ya wiki moja unarudi kijani na majani yanajaa tena. Nilipigiwa simu na rafiki niliyempa wazo la kununua miche kama yangu, akiwa tayari ameimwagia maji siku tatu mfululizo kwa kuogopa huo wekundu. Alipoteza miwili.

Gonjwa la kweli lipo na mmea wangu mmoja ulilipata. Ni uvimbe kama mafundo ya nyama kwenye ukingo wa jani, mbaya kutazama, unaosababishwa na utitiri mdogo mno usioonekana kwa macho. Dawa ya uhakika ni kukata sehemu yote yenye uvimbe, kuichoma moto, na kupangusa kisu kwa spiriti kabla hakijagusa mmea mwingine. Nilifanya hivyo mara moja mwaka 2022 na haujarudi.

Sasa majina.

Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, ndiye wa kwanza kugundua. Alikuja kututembelea mwishoni mwa mwaka 2021, akazunguka bustani polepole na fimbo yake, akasimama mbele ya ule mche niliouona na kovu. "Mwanangu, huu si wa kwetu."

Nikamwuliza amejuaje, shikamoo yangu ameipokea dakika tano zilizopita na tayari ananiambia habari ya mimea yangu. Akanionyesha kwa ncha ya fimbo. Kuzunguka shina kulikuwa na vichipukizi saba, vidogo kama vidole. "Shubiri yetu hukaa peke yake. Ukiona yenye watoto wengi hivi, hiyo ni ile ya mjini, ya kupaka nywele." Shangazi alikulia kwenye nyumba iliyotia shubiri kwenye maji ya kuku wakati wa kideri na kupaka shubiri kwenye ziwa mtoto alipofika wakati wa kuachishwa. Hakuhitaji kitabu.

Alikuwa sahihi. Aloe secundiflora kwa kawaida husimama mmoja mmoja, na huongezeka kwa mbegu. Aloe vera ndio unaojaza uwanja kwa watoto, na ndiyo sababu umeenea dunia nzima: yeyote anaweza kumbandulia jirani mmoja. Asili yake ni Bara Arabu. Mche wenye kovu ulikuwa umebanduliwa kutoka kwa mama, haukuoteshwa kwa mbegu hata siku moja, na tangazo lilikuwa limesema vingine. Ulipotoa maua mwaka 2023 hapakubaki swali: bua moja lililonyooka, maua ya njano yaliyoning'inia pande zote kulizunguka.

Hapa niseme kwa wanaochanganya zaidi. Kuna watu wanauziwa mkonge mdogo wa mapambo wakiambiwa ni mshubiri. Vunja kipande cha jani la chini. Mkonge una nyuzi, unavutika kama kamba, na ncha yake ina mwiba mmoja mkali kama sindano. Mshubiri unavunjika kama tango, ndani ni ute tu, hauna nyuzi. Mkonge kwao ni Amerika. Ule wa mashamba ya Tanga na Pangani uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, vichipukizi elfu moja kutoka Florida vilivyobaki hai 62 tu vilipofika. Tofauti nyingine inaumiza zaidi ukiigundua umechelewa: mkonge hutoa ua mara moja katika maisha yake kisha hufa. Mshubiri hutoa maua mwaka baada ya mwaka.

Utomvu wa njano, ule mchungu unaotoka kati ya ganda na ute, usikudanganye kuwa ni alama ya kutofautisha mshubiri mmoja na mwingine. Nilikata ncha za jani kwenye mimea yangu yote nikidhani nimepata jibu, na yote ilitoa njano. Na huo utomvu usiunywe kwa kuwa tu jirani amekwambia unasafisha tumbo. Unaharisha vibaya. Marekani waliondoa dawa za kuharisha zenye utomvu huo kwenye maduka mwaka 2002.

Madoa nayo yalinichanganya mwaka mzima. Miche mitano iliyobaki yote ilikuja na madoa meupe. Tangazo lilikuwa na picha ya mmea mkubwa usio na doa, majani ya kijani kilichofifia chenye kung'aa kidogo, na mimi nikaanza kudhani nimeibiwa kabisa. Kumbe secundiflora mchanga ana madoa, na huyapoteza kadiri anavyokua. Kufikia mwishoni mwa 2022 minne ilikuwa imeanza kutoa majani mapya safi, mapana, yenye ukingo mgumu na meno ya kahawia iliyoiva. Mmoja tu uliendelea na madoa yake, tena yakawa marefu, yamejipanga kama mikanda iliyokatika katika, mengi zaidi chini ya jani. Ncha za majani yake zilikauka na kubaki kahawia hata mvua ikinyesha. Nilijua ni tofauti. Sikujua ni nani.

Julai 2024 yote mitano ilitoa mabua ndani ya wiki tano. Natamani kila mtu aliyenunua miche kama yangu angekuwa pale. Mabua ya ile minne yalipanda hadi urefu wa mita moja na robo, yakagawanyika matawi, moja nilihesabu kumi na nne, na kila tawi likalala pembeni badala ya kusimama. Kisha maua yakafunguka, na yote yalikuwa upande wa juu wa tawi. Upande mmoja tu. Kama meno ya kitana. Hilo ndilo jina lenyewe: secundiflora ni maua yaliyoelekea upande mmoja, na mtu aliyeuita hivyo ni Adolf Engler, mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, mwaka 1895. Rangi ni nyekundu ya waridi iliyofifia, mdomo wa ua umepauka, na ukilisogeza karibu na jicho utaona chembe nyeupe ndogo ndogo kama ua limepitishwa kwenye vumbi la chokaa. Nilipopata uhakika wa zile chembe nilikaa juu ya jiwe nikatulia. Miaka mitatu nilikuwa nimeishi na huu mmea kwa imani.

Ule wa madoa ulitoa kitu kingine. Matawi machache, yaliyosimama, na maua hayakujipanga kwenye mstari, yalijikusanya juu kama bapa, kama mwavuli uliofunguliwa. Kila ua lilikuwa na tumbo dogo la mviringo chini, kisha linabanwa shingo, kisha linanyooka. Rangi ilikuwa ya chungwa kuelekea nyekundu. Huyo ni Aloe lateritia, naye pia amepewa jina na Engler, mwaka huo huo wa 1895, na naye ni wa Kenya na Tanzania. Neno lateritia linatokana na tofali kwa Kilatini, kwa ajili ya ile rangi. Fundi wa matofali na mawe nimeletewa mshubiri wa tofali bila kuomba. Sikuurudisha, na sitaurudisha.

Ndege wadogo waitwao chozi walikuja siku ya tatu tangu ua la kwanza. Kabla ya hapo sikuwahi kuwaona uani kwetu. Wana mdomo uliopinda unaoingia ndani ya ua kama ufunguo, na kifua cha dume kinang'aa kikigeuka kwenye jua. Nyuki nao wapo, lakini chozi ndio wanaofika ndani kabisa. Mishubiri mingi haijizalishi yenyewe. Inataka chavua kutoka mmea mwingine, kwa hiyo ukipanda mmoja peke yake usishangae ukikosa mbegu. Nunua angalau miwili isiyobanduliwa kutoka mama mmoja. Na ukiwa na aina mbili zinazotoa maua wakati mmoja, kama mimi sasa, mbegu zako zinaweza kuwa machotara, kwa maana mishubiri huingiliana kwa urahisi. Nadhani hapo ndipo kitalu kilipokosea: mama tofauti wamewekwa karibu, miche imewekwa kwenye viriba vinavyofanana, mtu amebandika kibandiko kimoja kwa safu nzima.

Niliwapigia simu Agosti hiyo. Aliyepokea ni mwanamke mwenye sauti ya utulivu, nikamwambia, "Dada, sina ugomvi, nataka mjue mnachouza." Nikawatumia picha za maua ya mimea yote sita, kila moja na rula pembeni. Hakubisha. Alisema lateritia ilichanganyika kwenye kupandikiza, na Aloe vera uliingizwa kwenye oda yangu kwa sababu miche ya mbegu ilikuwa imepungua na kijana wa kufunga mizigo alidhani haina tofauti. Nilimwambia tofauti ni kubwa: mtu anayetaka kurudisha mmea wa asili kwenye ardhi yake hapaswi kupewa mgeni kwa kibandiko cha mwenyeji. Akakubali. Wiki iliyofuata nilipokea mche mmoja mbadala, safu mbili, mizizi safi, na kwenye gazeti alilofungia ameandika kwa kalamu tarehe ya kusia mbegu na mahali mama yake alipo kitaluni. Hicho kipande cha gazeti nimekitunza. Kama wangeandika hivyo kwa kila mche tangu mwanzo, nisingekuwa na la kulalamikia.

Basi nikitoa alama: miche yenyewe, tano kati ya tano. Ufungaji, tano. Ukweli wa jina, tatu, kwa kuwa minne kati ya sita ni sahihi na mmoja wa makosa ulikuwa bado wa huku kwetu. Karatasi ya maelekezo, moja. Namna walivyopokea malalamiko, tano. Ningenunua tena kwao, ila ningeomba picha ya mizizi ya kila mche kabla ya kulipa na ningeuliza mama zao wako wapi.

Aloe vera niliuhamishia kwenye chungu karibu na mlango wa jikoni, pamoja na watoto wake ambao sasa nimeacha kuwahesabu. Pengo uliloliacha kwenye mawe nimejaribu kulijaza maji kwanza, mara mbili, na yaliisha kabla sijamaliza kikombe cha chai. Mche mbadala nimeupanda pale. Umefika shubiri moja wiki hii, na jani lake la mwisho limeanza kuacha ile safu na kugeukia pembeni.